Unyanyasaji wa Kijinsia Kama Ubaguzi: Mwongozo wa Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani

Nchini Marekani, kitendo kimoja cha unyanyasaji wa kijinsia kinaweza kuzaa kesi mbili zisizofanana. Moja ni ya jinai: serikali inamshtaki aliyetenda, na akitiwa hatiani anaweza kufungwa. Nyingine ni ya madai, chini ya sheria za haki za kiraia, na humo anayebanwa kwa kawaida ni mwajiri, shule au mwenye nyumba. Hoja yake ni kwamba mfanyakazi, mwanafunzi au mpangaji amekosa haki ambayo wenzake wanaipata, na ameikosa kwa sababu ya jinsia yake. Kubakwa na msimamizi wa zamu ni jinai. Kulazimika kurudi kazini chini ya msimamizi huyo huyo wiki inayofuata, huku ofisi ikijua na kunyamaza, ni ubaguzi.

Tofauti inaonekana kwanza kwenye ushahidi. Kesi ya jinai lazima ithibitishwe pasipo kuacha shaka ya msingi. Kesi ya haki za kiraia inaamuliwa kwa mizania ya uwezekano, yaani upande ambao maelezo yake yanaelekea zaidi kuwa kweli ndio unaoshinda. Ndiyo maana mwendesha mashtaka anaweza kufunga jalada kwa kukosa ushahidi na bado mlalamikaji akapata fidia kwa tukio lile lile. Tena uamuzi wa kuendelea uko mikononi mwa mlalamikaji, si mwa polisi. Kesi zote mbili zinaweza kwenda sambamba. Jambo moja linawaponza wengi hapa: upelelezi wa polisi hausimamishi muda wa kuwasilisha malalamiko ya haki za kiraia, na mtu anayesubiri polisi wamalize anaweza kukuta muda wake umekwisha.

Wazo lilivyopenya mahakamani

Sura ya VII ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa mbari, rangi, dini, jinsia au taifa la asili. Jinsia haikuwamo kwenye muswada wa awali. Iliingizwa Februari 1964 na Howard Smith, mbunge wa Virginia aliyeupinga muswada wenyewe, na wanahistoria hawajaacha kubishana kama alitaka kuuzamisha au la. Wabunge wanawake, Martha Griffiths wa Michigan akiwa mbele, hawakusubiri kujua nia yake. Waliyasimamia marekebisho hayo na yakapita kwa kura 168 dhidi ya 133.

Hakuna mahali sheria hiyo inapotaja kushikwashikwa, maneno machafu wala ubakaji. Kwa takriban miaka kumi majaji waliona mambo hayo ni ya faragha: mwanamume kamtamani mwanamke, na kazini palikuwa tu mahali walipokutania. Mwaka 1975 mahakama ya shirikisho huko Arizona iliwakatalia makarani wawili wanawake walioacha kazi kwa sababu ya msimamizi wao. Jaji alisema zile ni tabia binafsi za mtu yule, zisizoinufaisha kampuni, akahofia kwamba akiikubali hoja yao kila atakayetongozwa kazini atakimbilia mahakamani. Mwaka huo huo mjini Ithaca, New York, Carmita Wood, mfanyakazi wa Chuo Kikuu cha Cornell aliyeacha kazi akimkimbia profesa, alinyimwa mafao ya kukosa ajira kwa maelezo kwamba ameondoka kwa sababu zake mwenyewe. Lin Farley na wenzake chuoni hapo walimpigania, na Mei 1975 wakaitisha mkutano wa hadhara ambamo wanawake wa kazi mbalimbali walisimama kueleza yaliyowapata.

Mlango wa mahakama ulisukumwa na wanawake weusi, na hilo lina sababu yake. Sheria ya 1964 ilikuwa tayari imejengewa maamuzi mengi kuhusu ubaguzi wa mbari, na mwaka 1971 mahakama moja ya rufaa ya shirikisho ilikuwa imetamka kwamba ofisi iliyojaa ubaguzi inaweza kuvunja Sura ya VII hata kama hakuna aliyefukuzwa wala kukatwa mshahara. Kilichobaki ni kuiomba mahakama itumie kipimo hicho hicho kwa jinsia. Diane Williams, aliyefanya kazi Wizara ya Sheria, alishinda mbele ya Jaji Charles Richey mwaka 1976. Paulette Barnes wa Wakala wa Mazingira alipoteza nafasi yake baada ya kumkatalia bosi; alishindwa mahakama ya chini, kisha mwaka 1977 Mahakama ya Rufaa ya Wilaya ya Columbia ikampa haki. Hoja ya mahakama ilikuwa nyepesi kueleweka: asingekuwa mwanamke, asingetakwa; na asingetakwa, asingepoteza kazi. Basi kazi imepotea kwa sababu ya jinsia.

Mwaka 1979 mwanasheria Catharine MacKinnon alichapisha kitabu kilichoipa hoja hiyo mwili mzima, akitenganisha madai ya ngono kwa malipo ya kazi na mateso ya kila siku yanayogeuka kuwa sharti la kazi. Mwaka uliofuata Tume ya Fursa Sawa za Ajira, inayojulikana kwa herufi EEOC na wakati huo ikiongozwa na Eleanor Holmes Norton, ilitoa miongozo iliyoyatambua yote mawili. Miongozo si sheria, kwa hiyo jambo lilisubiri Mahakama ya Juu.

Mahakama ya Juu ililifikia kwenye kesi ya Mechelle Vinson. Aliajiriwa na benki moja mjini Washington mwaka 1974 na akapanda ngazi kwa sifa zake hadi kuwa naibu meneja wa tawi. Alieleza kwamba meneja wake alimlazimisha kufanya naye ngono kwa miaka kadhaa, mara nyingine kwa kumbaka, naye akanyamaza kwa hofu ya kufukuzwa. Meneja alikana kila kitu. Benki ilijitetea kwamba Vinson hakupoteza hata senti moja na kwamba haikujua lolote. Juni 1986 majaji wote tisa walikubaliana: kupoteza fedha si sharti, mazingira ya kazi yenye uhasama wa kijinsia ni ubaguzi yenyewe kwa yenyewe. Waliongeza kipimo ambacho hadi leo ndicho moyo wa kesi hizi. Swali si kama mwanamke alikubali kwenda chumbani, kwa sababu mtu mwenye njaa ya kazi hukubali mengi. Swali ni kama aliyataka yaliyotendeka. Mahakama haikuamua nani alisema kweli. Iliirudisha kesi chini isikilizwe kwa kipimo kipya.

Kinachohesabika kuwa ubaguzi

Aina ya kwanza ni ile ambayo msomaji wa Tanzania anaijua kama rushwa ya ngono: mwenye mamlaka anadai mwili kwa kupandisha cheo, kumbakisha mtu kazini au kumpangia zamu nzuri. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 inalifanya kosa la jinai katika kifungu chake cha 25. Njia hiyo ina nguvu yake, lakini inamwandama mtu mmoja aliyeuza mamlaka. Ofisi iliyompa mamlaka inabaki salama. Chini ya hoja ya ubaguzi, ofisi yenyewe ndiyo inayojibu. Tanzania haikosi njia hii ya pili: kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema kumnyanyasa mfanyakazi kwa misingi iliyokatazwa, jinsia ikiwamo, ni aina ya ubaguzi. Kinachostaajabisha ni jinsi kifungu hicho kinavyozungumzwa kwa nadra kulinganisha na kile cha rushwa.

Aina ya pili ni mazingira ya uhasama, na hapa ndipo kesi nyingi zinapofungukia au kufia. Matendo lazima yawe makali au yamekithiri kiasi cha kubadilisha hali ya kazi. Neno la kuzingatia hapo ni “au”: ubakaji mmoja unatosha kwa ukali wake, wakati mizaha ya kuudhi inahitaji kurudiwarudiwa ndipo ihesabike. Mahakama inaangalia yalitokea mara ngapi, yalikuwa makali kiasi gani, yalitisha au kudhalilisha mwili au yalikuwa maneno ya karaha tu, na kama yalimzuia mtu kufanya kazi yake. Vigezo hivyo vilitolewa mwaka 1993 katika kesi ya Teresa Harris, meneja wa kampuni ya kukodisha mashine mjini Nashville. Mwenye kampuni alikuwa akimbeza mbele ya wenzake kwamba mwanamke hajui kitu, na akiwaambia wafanyakazi wa kike wamtolee sarafu kwenye mfuko wa suruali aliyoivaa. Mahakama za chini zilimkatalia Harris kwa kuwa hakuwa ameathirika vibaya kiakili. Mahakama ya Juu ilisema sheria haingoji mtu achanganyikiwe. Inatosha kwamba mtu mwenye akili timamu angeyaona mazingira hayo kuwa ya uhasama, na kwamba mlalamikaji mwenyewe aliyaona hivyo.

Lazima pia iwe kwa sababu ya jinsia, na sharti hili ni pana kuliko linavyosikika. Joseph Oncale alifanya kazi kwenye mtambo wa mafuta ndani ya Ghuba ya Mexico, katika kikosi cha wanaume watupu, akashambuliwa kingono na wenzake, wawili wakiwa na mamlaka juu yake. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mwanamume anaweza kubaguliwa na wanaume wenzake. Wala tamaa si lazima iwepo: wanaume wa karakana wanaomwekea mwanamke uchafu kwenye vifaa vyake ili aondoke wanambagua sawasawa na bosi anayemtaka. Mwaka 2020 mahakama hiyo iliongeza kwamba kumfukuza mtu kwa kuwa ni shoga au amebadili jinsia nako ni ubaguzi wa jinsia chini ya Sura ya VII.

Mwajiri anawajibika lini

Mahakama za rufaa za shirikisho zimeshikilia kwamba Sura ya VII inamhusu mwajiri, haimhusu msimamizi binafsi. Kwa hiyo swali la kila kesi ni lini matendo ya mtu yanakuwa mzigo wa kampuni.

Msimamizi akimfukuza, kumshusha cheo au kumhamisha mtu kwa hila kwa sababu amemkatalia, mwajiri hana pa kujificha. Msimamizi akinyanyasa bila kuchukua hatua ya aina hiyo, mwajiri anaweza kujinasua kwa kuthibitisha mambo mawili pamoja: kwamba alichukua tahadhari ya kutosha kuzuia na kurekebisha unyanyasaji, na kwamba mfanyakazi, bila sababu ya maana, hakutumia njia za malalamiko zilizokuwepo. Utetezi huu ulizaliwa Juni 1998 katika kesi mbili zilizoamuliwa siku moja. Moja ilikuwa ya Beth Faragher, mwokozi wa waogeleaji katika mji wa Boca Raton, Florida. Mji ulikuwa na sera ya kupinga unyanyasaji, ila haikuwahi kuwafikia waokoaji kule ufukweni, na kwa hilo ulishindwa. Unyanyasaji ukitoka kwa mfanyakazi wa kawaida au mteja, mlalamikaji ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba mwajiri alijua, au alipaswa kujua, na hakufanya la maana. Tangu mwaka 2013 msimamizi ni yule tu aliyepewa uwezo wa kuajiri, kufukuza, kupandisha cheo na mfano wa hayo. Kiongozi wa zamu anayepanga ratiba pekee huhesabiwa kama mfanyakazi mwenza, hata kama zamu nzima inamwogopa.

Utetezi wa 1998 umezalisha vijitabu vya sera na video za mafunzo za kila mwaka katika makampuni ya Marekani. Vingi vinamlinda mwajiri kuliko mfanyakazi. Bado fundisho lake kwa mlalamikaji ni zito: malalamiko ya mdomo kwa rafiki wa ofisi ya rasilimali watu hayahesabiki sana. Malalamiko hupelekwa kwa maandishi, kwa mtu aliyetajwa kwenye sera, na nakala yenye tarehe ikabaki kwa mlalamikaji.

Hatua za mlalamikaji kazini

Kabla ya yote kuna usalama na ushahidi. Aliyeshambuliwa kingono ana haki ya kupimwa hospitalini na ushahidi kuhifadhiwa bila malipo, hata asipotaka kushirikiana na polisi. Sheria ya shirikisho inayafunga majimbo kwa hilo kupitia ruzuku zake. Ujumbe wa simu, barua pepe, ratiba za zamu na majina ya walioona huhifadhiwa nje ya simu au kompyuta ya kazini, kwa sababu vifaa hivyo hurudishwa siku ya kufukuzwa. Shajara fupi iliyoandikwa siku ya tukio ina uzito kuliko maelezo marefu yaliyoandikwa mwaka mmoja baadaye. Nyaraka za siri za kampuni haziguswi. Kuzichukua kunampa mwajiri sababu halali ya kufukuza.

Kisha ni EEOC. Hakuna anayeweza kwenda moja kwa moja mahakamani kwa Sura ya VII bila kupitia tume hiyo. Malalamiko yanafikishwa ndani ya siku 180 tangu tukio, au siku 300 pale ambapo jimbo au mji una chombo chake kinachosimamia sheria ya namna hiyo, na majimbo mengi yanacho. Mfanyakazi wa serikali ya shirikisho ana njia yake: anatakiwa kumwona mshauri wa fursa sawa wa idara yake ndani ya siku 45. Hakuna ada wala ulazima wa wakili. Simu ya tume ni 1-800-669-4000, na anayezungumza Kiswahili pekee anaweza kuomba mkalimani.

Kwa mazingira ya uhasama, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2002 kwamba yakihesabiwa kama mfululizo mmoja, tendo moja tu likiangukia ndani ya muda huo linatosha kuyabeba yaliyotangulia. Kufukuzwa au kushushwa cheo hakufaidiki na kanuni hiyo. Kila tendo la aina hiyo lina siku zake.

Sura ya VII inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi. Saluni ya watu sita na mama anayeajiri yaya wako nje yake, na hapo sheria za majimbo ndizo kimbilio. California inakataza unyanyasaji hata kwa mwajiri wa mtu mmoja na inatoa miaka mitatu ya kulalamika. New York nayo inawabana waajiri wote.

Tume ikishapokea malalamiko humjulisha mwajiri ndani ya siku 10, inaweza kupendekeza usuluhishi, halafu inachunguza. Uchunguzi unaweza kuchukua mwezi au zaidi ya mwaka. Mwishoni, au baada ya siku 180 mlalamikaji akiomba, tume hutoa barua ya haki ya kushtaki. Kuanzia siku barua hiyo ilipopokelewa kuna siku 90 za kufungua kesi mahakamani, na majaji hawana huruma kwa aliyechelewa. Anayehama nyumba na asiijulishe tume anwani mpya anajitafutia balaa.

Fidia ina dari. Sheria ya 1991, iliyopitishwa wiki chache baada ya mwanasheria Anita Hill kutoa ushahidi mbele ya Seneti kuhusu kunyanyaswa kijinsia kazini, iliruhusu kwa mara ya kwanza fidia ya maumivu na ya adhabu pamoja na kusikilizwa na juri, ila ikaweka kikomo: dola 50,000 kwa mwajiri wa watu 15 hadi 100, dola 100,000 hadi watu 200, dola 200,000 hadi watu 500, na dola 300,000 kwa wakubwa zaidi. Viwango hivyo havijaguswa tangu hapo, ingawa bei zimepanda zaidi ya maradufu. Mshahara uliopotea na ada ya wakili viko nje ya dari. Mawakili wenye uzoefu huongeza kwenye kesi hiyo madai ya shambulio chini ya sheria ya jimbo, ambayo hayafungwi na kikomo hiki na yanaweza kumfikia aliyetenda mwenyewe.

Mkataba wa ajira unaodai kwamba migogoro yote iende kwenye baraza binafsi la uamuzi haumzuii tena mlalamikaji wa aina hii. Tangu tarehe 3 Machi 2022 ana hiari ya kukataa baraza hilo na kwenda mahakamani, hata kama alisaini.

Kulipiza kisasi ni kosa linalojitegemea; mlalamikaji anaweza kushindwa kuthibitisha unyanyasaji na bado akashinda hapa. Sheila White, dereva wa foklifti kwenye yadi ya reli mjini Memphis, alilalamika juu ya msimamizi, akahamishiwa kazi ngumu zaidi, kisha akasimamishwa siku 37 bila mshahara. Baadaye alilipwa fedha zote, na kampuni ikadai hakuna kilichoharibika. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ilisema kisasi ni tendo lolote ambalo lingemfanya mfanyakazi wa kawaida aogope kulalamika, na mwezi mmoja bila mshahara unatosha kuogopesha.

Hofu kubwa zaidi ni ya wahamiaji. Sura ya VII inamlinda mfanyakazi bila kuuliza kibali chake, ingawa asiye na kibali anaweza kukosa malipo ya mshahara uliopotea. Wakimbizi wa Kongo waliopewa makazi Marekani, ambao wapo wanaoanzia kwenye viwanda vya nyama, wana kibali halali cha kazi, na msimamizi anayewatisha kwa polisi wa uhamiaji anatumia ujinga wao wa sheria kama silaha. Kutishia hivyo baada ya malalamiko ni kisasi. Kwa aliyefanyiwa jinai kama ubakaji na akasaidia upelelezi, ipo pia viza ya U, iliyoundwa mwaka 2000. Cheti chake kinaweza kutolewa na polisi, na EEOC nayo ina uwezo huo.

Shuleni na vyuoni

Sura ya IX ya Marekebisho ya Elimu ya mwaka 1972 inakataza ubaguzi wa jinsia katika mpango wowote wa elimu unaopokea fedha za shirikisho, yaani karibu kila shule ya umma na vyuo vikuu vilivyo vingi. Wanafunzi wa Yale walijaribu kuitumia dhidi ya unyanyasaji mwaka 1977. Walishindwa rufaa mwaka 1980, lakini mahakama ya chini ilikuwa imekubali hoja, na Yale ikaweka utaratibu wa malalamiko. Vyuo vingine vikafuata. Mahakama ya Juu iliruhusu watu binafsi kushtaki mwaka 1979 na kudai fidia mwaka 1992.

Baadaye ikaweka vizingiti. Mwaka 1998 ilisema shule hailipi fidia kwa mwalimu aliyemnyanyasa mwanafunzi isipokuwa ofisa mwenye uwezo wa kuchukua hatua alijua kwa hakika na akapuuza kwa makusudi. Mwaka 1999 iliongeza kwamba unyanyasaji wa mwanafunzi kwa mwanafunzi lazima uwe mkali, uliokithiri na wa kuchukiza kwa kipimo cha mtu yeyote, hata ukamnyima mhanga nafasi ya elimu. Hapo “au” ya kazini imegeuka “na”. Matokeo yake ni ya ajabu: mtoto wa miaka 14 darasani anatakiwa kuthibitisha mengi kuliko mhasibu wa miaka 40 ofisini, ilhali mtoto hawezi kuacha shule kama mhasibu anavyoweza kuacha kazi. Hakuna sababu ya msingi inayotetea mpangilio huu zaidi ya tafsiri ya majaji kuhusu masharti ya ruzuku.

Kwa vitendo, mwanafunzi anaripoti kwa mratibu wa Sura ya IX, ambaye kila taasisi inatakiwa kumtaja hadharani. Barua kwa mratibu inafanya shule isiweze kusema haikujua, na katika kesi za fidia hilo ndilo linaloamua. Kanuni za Wizara ya Elimu zimeyumba kila serikali ilipobadilika: waraka wa 2011 ulivisukuma vyuo vichukue hatua haraka, ukafutwa 2017, kanuni za 2020 zikaja na kinga nyingi kwa mtuhumiwa, kanuni mpya za 2024 zikafutwa na mahakama ya shirikisho huko Kentucky Januari 2025, na zile za 2020 zikarudi. Chini ya kanuni za 2020 chuo kikuu lazima kifanye kikao cha kusikiliza pande zote, ambamo washauri wa kila upande huuliza maswali ya dodoso. Mlalamikaji asiyetaka kikao hicho bado anaweza kupewa hatua za kumsaidia: kubadilishiwa bweni au darasa, kuongezewa muda wa mitihani, katazo la kuwasiliana na mtuhumiwa. Matukio ya nje ya Marekani, kama yale ya safari za masomo, hayamo.

Mwanafunzi mwenye viza ya F-1, wakiwamo wanaotoka Nairobi na Dar es Salaam, anahitaji uangalifu mmoja zaidi. Kupunguza masomo ni msaada unaotolewa mara nyingi, lakini viza hiyo inadai masomo kamili, hivyo ruhusa ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni hutafutwa kabla ya kuacha somo lolote.

Malalamiko kwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu hufikishwa ndani ya siku 180. Si lazima kuyapitia kabla ya kwenda mahakamani.

Nyumba ya kupanga, na mtendaji mwenyewe

Sheria ya Makazi ya Haki ya mwaka 1968, iliyoongezwa jinsia mwaka 1974, inamhusu mwenye nyumba, wakala na fundi wake. Anayedai ngono badala ya kodi, au anayeingia chumbani kwa mpangaji kwa ufunguo wake, anabagua. Malalamiko kwa Wizara ya Nyumba hutolewa ndani ya mwaka mmoja. Kesi mahakamani ndani ya miaka miwili.

Kumshtaki aliyetenda mwenyewe kwa haki za kiraia ndiko kugumu zaidi katika ngazi ya shirikisho. Akiwa ni mtumishi wa jimbo au mji, mathalani polisi au mwalimu wa shule ya umma, zipo sheria za tangu enzi za baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe zinazomfikia. Akiwa raia wa kawaida hakuna. Sheria ya Ukatili Dhidi ya Wanawake ya mwaka 1994 iliweka haki hiyo, na Christy Brzonkala, mwanafunzi wa Virginia Tech aliyesema amebakwa na wachezaji wawili wa mpira wa chuo, akaitumia. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ilikifuta kifungu hicho kwa kura 5 dhidi ya 4, ikisema Bunge la shirikisho halina mamlaka juu ya jambo hilo. Baadhi ya majimbo na miji yalijaza pengo: jiji la New York lilitunga sheria yake Desemba mwaka huo huo, na ya Illinois ilianza kutumika mwaka 2004. Zote mbili zinatoa miaka saba kwa mtu mzima kumshtaki aliyemshambulia kwa sababu ya jinsia. Kwingineko kinachobaki ni madai ya kawaida ya shambulio, ambayo muda wake hutofautiana sana kutoka jimbo hadi jimbo na katika baadhi ya majimbo ni mwaka mmoja au miwili tu.